Bi Majani na Namba ya Kisumu

Bhoke Werema hakusamehe. Wapo watu wanaosamehe kwa sababu ya dini, na wapo wanaosamehe kwa sababu wamechoka kukasirika. Yeye alikwenda kanisani kila Jumapili na akarudi na hasira yake nzima, na wala hakuwa amechoka. Kila asubuhi alipofungua kibanda cha redio katika uwanja mdogo wa ndege wa Kanyamsire, upande wa Homa Bay, kitu cha kwanza kuonekana dirishani kilikuwa mikaratusi iliyosimama kando ya ua, pale njia ya ndege inapoishia. Baadhi ya mikaratusi hiyo haikuwa na vilele. Vilele vyake vilifyekwa na magurudumu ya ndege ya Kapteni Levis, na lawama ikaangukia kwa Bhoke.

Kazi ya Bhoke ilikuwa kupima hewa. Alizaliwa Ntimaru, katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, akasomea utabiri wa hali ya hewa Nairobi, kisha akapewa kazi kati ya Wajaluo, yeye Mkuria peke yake. Hakujua Kidholuo cha kutosha kugombana, kwa hiyo uwanjani waliongea naye Kiswahili.

Hewa ina uzito, na uzito huo hubadilika mvua inapokuja na jua linaporudi. Ndani ya ndege mna saa iitwayo altimeta, inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Saa hiyo haioni ardhi. Hupima uzito wa hewa tu, na rubani lazima kwanza aiwekee namba ya hewa ya mahali anapotaka kutua. Akiweka namba kubwa kuliko ilivyo, saa itamwambia yuko juu, kumbe yuko chini. Kila tarakimu moja ya kosa ni karibu futi thelathini.

Siku ya jua kosa hilo halimuui mtu, kwa sababu rubani anauona uwanja kwa macho yake. Siku ya mawingu huteremka kwa kufuata vyombo: setilaiti humwongoza kushoto na kulia, na altimeta humwongoza juu na chini. Njia hiyo ina sakafu, yaani urefu ambao haruhusiwi kwenda chini yake kabla ya kuuona uwanja. Asipouona, hupanda akaenda zake.

Kanyamsire kulikuwa na sakafu mbili. Ya chini ilikuwa ya rubani aliyepewa namba na Bhoke, pale pale uwanjani. Ya juu ilikuwa ya rubani aliyeikosa namba ya Bhoke akaazima ya Kisumu, ng'ambo ya ghuba. Huyo alitakiwa kuongeza futi nyingi za tahadhari, kwa kuwa hewa ya Kisumu si lazima iwe hewa ya Kanyamsire.

Marubani wa ukanda huu waliijua sheria hiyo vizuri, na wengi wao waliidharau. Viwanja vyote viwili viko kando ya Ziwa Viktoria, na mtu aliyekulia hapa huliona ziwa kama ua wa nyumba moja. "Ziwa ni lile lile," Kapteni Levis alipenda kusema akinywa chai kibandani. "Hewa itakuwaje tofauti?" Na siku nyingi tofauti haikuwapo, au ilikuwa tarakimu moja tu. Ndiyo maana waliendelea kuamini.

Siku ya miti tofauti ilikuwapo. Dhoruba ilikuwa imetoka bondeni Lambwe ikatua juu ya Kanyamsire, na sindano ya barometa ya Bhoke ilikuwa imeshuka. Levis alikuja kutoka Nairobi na abiria wachache katika ndege ndogo. Redio ya Bhoke ilinasa pia masafa ya Kisumu, akamsikia Levis akichukua namba yao, bila kumwita yeye hata mara moja. Bhoke ndiye aliyemwita, mara ya kwanza na mara ya pili. Levis hakujibu, pengine alikuwa bado kwenye masafa ya Kisumu. Kilichofuata ni mlio wa matawi yakivunjika. Ndege ilitua ikiwa na majani ya mkaratusi kwenye magurudumu, na abiria, kwa kuwa hawakujua kitu, wakapiga makofi.

Kampuni ya ndege ikaunda kamati, na kamati ikakaa. Kapteni Levis alikuwa mtoto wa kijiji cha jirani, kijana mrefu, mwenye sauti laini na miwani ya jua. Alisimama akasema, "Dada alinipa namba. Mimi nilimwamini. Lakini sitaki afutwe kazi. Ni binadamu kama sisi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma Bhoke. Kusingiziwa ni jambo moja. Kusingiziwa na kisha kuhurumiwa na huyo huyo aliyekusingizia ni jambo lingine. Redio ya Kanyamsire haikuwa na mtambo wa kurekodi. Lilikuwa neno lake dhidi ya neno la mtoto wa nyumbani, na kamati ikampa Bhoke onyo. Barometa yake ilipelekwa Nairobi kukaguliwa. Iliporudi, meneja wa uwanja, Mzee Mayaka, aliitundika kwenye msumari wake mwenyewe.

"Wamesema iko sawa," alisema.

"Basi tangaza, Mzee."

"Nitangaze nini, Bhoke? Mambo yameshapoa."

Kwa Mzee Mayaka yalikuwa yamepoa. Langoni, akina mama wanaouza samaki wa kukaanga na ndizi walikuwa wamempa Bhoke jina. "Bi Majani!" waliita alipopita. "Leo ndege imeleta mboga gani?" Watoto wa shule walilidaka. Makondakta wakalidaka. Alipokwenda Rongo kununua viatu, mwenye duka alimtazama akamuuliza kama si yeye yule Bi Majani. Hata kijana wa kampuni nyingine, rubani mgeni aliyekuja mara ya kwanza, alimuuliza redioni kwa heshima kama namba anayompa ni ya leo.

Kaka yake Matiko, mkulima wa tumbaku kule Ntimaru, alimpigia simu kila mwisho wa wiki. Salamu yake ilikuwa ile ile.

"Dada. Umemrudishia?"

"Bado."

"Nije?"

"Usije. Wewe utakuja na fimbo. Mimi nataka kitu kitakachodumu."

Na alikuwa amekitafuta kwa muda mrefu. Kumpa Levis namba ya uongo hakukuja akilini mwake hata kwa bahati mbaya. Hiyo ingekuwa kumfanya mkweli. Alichokitaka ni kumnyima. Sheria ya uwanja ilimruhusu kufunga redio wakati wa mapumziko ya mchana, mradi atangaze kwanza. Baada ya hapo rubani anatumia namba ya Kisumu na sakafu ile ya juu, na kama mawingu ni mazito, haoni kitu, anakwenda kutua Kisumu. Hakuna mtu wa kulaumiwa. Bhoke alihitaji tu mawingu, mchana, na umati wa watu waliokuja kumwona Levis akitua.

Vyote vitatu vilimjia siku moja.

Levis alikuwa amepandishwa cheo kuwa rubani mkuu wa kampuni, na watu wa kwao waliamua kumpokea uwanjani. Walifunga turubai karibu na kibanda, wakachinja ng'ombe, wakaleta kwaya. Mama yake, aliyeitwa na wote Min Levis, alikuja na kitenge kipya na kitambaa cha dhahabu kichwani. Kiongozi wa kwaya na msema-chochote wa sherehe alikuwa Linet, msichana mcheshi aliyekagua mizigo ya abiria uwanjani, na ambaye ndiye mtu pekee aliyekuwa rafiki ya Bhoke. Asubuhi aliingia kibandani akiburuta waya mrefu.

"Nyar Kuria, usiniulize," alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Kuria. "Naweka maikrofoni hapa mbele ya redio yako. Kule nje kuna spika mbili kubwa kama kabati. Tunataka Min Levis asikie sauti ya mtoto wake ikitoka mawinguni."

"Mzee Mayaka amekubali?"

"Ameahidiwa nyama ya mbavu."

"Basi weka," Bhoke alisema.

Ndege ya Levis, yenye abiria wachache, ilichelewa kuondoka Nairobi. Kufikia mchana mawingu kutoka ziwani yalikuwa yamekaa juu ya Kanyamsire kama blanketi lililolowa, na mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Bhoke alisoma barometa, akashika kipaza sauti cha redio. Redioni watu hutumia Kiingereza cha marubani, na tangazo lake alilitoa kwa Kiingereza safi: kituo kinafungwa kwa mapumziko, ndege zote zitumie namba ya Kisumu na sakafu yake. Lakini ndege za Kanyamsire ni chache na watu wanajuana, kwa hiyo Levis alipojibu alijibu kwa Kiswahili.

"Dada, mimi niko karibu. Ningoje kidogo tu."

Bhoke aliweka kipaza sauti chini. Akafungua bakuli lake: ugali na omena, wale dagaa wa ziwani.

"Dada? Kanyamsire? Nipe namba yenu, tafadhali."

Sauti ilikwenda kwenye maikrofoni ya Linet, ikapita kwenye waya, ikatokea kwenye spika, na Min Levis akapiga kigelegele. Levis akaita tena. Aliyefuata kuita hakuwa Levis, alikuwa Linet, aliyeingia mbio akiwa na matone ya mvua puani.

"Nyar Kuria! Mtu anakuita, kijiji kizima kinasikia, mbona humjibu?"

"Niko mapumziko. Nilitangaza."

"Unakula omena na mtu yuko juu?"

"Omena ikipoa hailiki."

"Yawa, Bhoke! Mama yake amesimama hapo nje kwenye mvua anangoja."

"Hata mimi nilingoja."

Linet alijipangusa pua. Alikuwa shahidi wa jina lile la Bi Majani tangu siku ya kwanza, na kuna siku yeye mwenyewe lilimponyoka. Alitazama redio, akamtazama rafiki yake. "Akilazimika kwenda Kisumu, utafurahi?"

"Sana."

"Na ng'ombe tumeshamchinja."

"Mtakula. Mimi mniletee maini."

Linet alitoka akitikisa kichwa. Ilisikika sauti ya Levis ikiomba namba ya Kisumu, na sauti ya Kisumu ikimpa: moja sifuri moja nane. Levis akairudia, kama desturi ya marubani ilivyo. Kila namba inayotolewa redioni hurudiwa na aliyeipokea, ili wote wawili wajue kwamba imefika nzima.

Mngurumo wa ndege ukakaribia. Ukapita juu ya mawingu, ukashuka, ukasimama kwenye sakafu ile ya juu kama sheria ilivyotaka, ukakaa hapo kidogo, kisha ukapanda na kwenda. Levis hakuona kitu. Nje watu waliguna kwa pamoja, mguno mrefu wa aibu, na mtu mmoja akauliza kwa sauti kama rubani mkuu amepotea nyumbani kwao.

Bhoke alitafuna polepole. Ilikuwa tamu kuliko alivyofikiri. Aliwaza jinsi Levis angeteremka Kisumu akiwa na suti yake, akitafuta gari la kumleta kwa barabara, na kufika wakati wamebaki mbwa na mifupa. Aliwaza kwamba Levis angesikia neno hilo, amepotea nyumbani kwao, hadi awe na mvi.

Kisha upepo wa ziwa ukaja ghafla na kulipiga turubai. Vijana wanne walilikimbilia, wakalishika kwa nguzo zake, na wakalihamisha mbio hadi mahali palipokingwa na upepo, chini ya mikaratusi. Kwaya ikafuata na viti. Spika zikafuata. Min Levis alishikwa mkono akapelekwa huko na Linet.

Bhoke akaacha kutafuna.

"Kanyamsire, najua mnanisikia hata kama hamjibu," sauti ya Levis ilisema, na safari hii haikuwa laini. "Najaribu tena. Nitashuka hadi sakafu ile ya chini. Hapa ni kwetu, napajua. Ziwa ni lile lile."

Bhoke aligeuka kutazama barometa. Moja sifuri moja tano. Levis alikuwa na moja sifuri moja nane. Tofauti ilikuwa tatu, futi tisini, mkaratusi mzima kutoka mizizini hadi kileleni. Altimeta yake ingemwambia kwamba kati ya magurudumu na vilele vya miti kuna nafasi, na nafasi hiyo isingekuwapo. Na chini ya vilele hivyo alikuwapo Linet na kwaya yake yote.

Yafaa isemwe wazi alichokiwaza, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kukificha. Alimwaza Linet kwanza. Kisha akamwaza Levis, na si kwa huruma. Alitaka Levis aaibike, na mtu aliyekufa haaibiki. Wangemzika kwa kwaya ile ile, mchungaji angesema alikuwa kijana mwaminifu, na uongo wake ungeingia kaburini ukiwa umevaa suti. Jina la Bi Majani lingebaki hapa juu, na hakuna aliye hai ambaye angeweza kulifuta.

Alikirukia kipaza sauti.

"Levis, panda! Panda sasa hivi! Hewa ya hapa ni moja sifuri moja tano. Uko chini kuliko unavyoona. Panda!"

Injini ililia. Kwa muda mfupi tumbo jeupe la ndege lilionekana kati ya mawingu, juu kidogo tu ya mikaratusi, likaondoka. Upepo wake uliitikisa miti, na majani yakamwagika juu ya turubai. Wanawake walipiga mayowe. Kisha mngurumo ukapanda, ukapanda zaidi, ukawa wa mbali.

"Niko juu," Levis alisema baada ya muda. "Asante, dada."

"Una mafuta ya kwenda Kisumu?"

"Ninayo. Ya kwenda na kurudi."

"Basi hatuna haraka. Zunguka huko huko juu."

"Nimeshaweka moja sifuri moja tano. Nataka kushuka tena."

"Namba hiyo imeshapita. Hewa inabadilika, sindano inatembea. Ukitaka namba mpya nitainuka niisome. Ukitaka kwenda Kisumu, njia unaijua. Lakini kabla sijainuka, nina swali."

"Uliza."

"Siku ya miti nilikupa namba gani?"

Redio ilikwaruza. Nje, chini ya turubai, spika zilikwaruza vile vile, na watu waliokuwa bado wakipanguza majani vichwani wakaacha kupanguza. Bhoke alijua kwamba wanasikia. Waya wa Linet ulikuwa hapo mezani, karibu na bakuli lake la omena. Levis hakujua.

"Bhoke, huu si wakati wake."

"Ni wakati wangu wa chakula. Nina nafasi."

"Unataka nini?"

"Namba tu. Nyinyi marubani mmefundishwa kurudia namba mnayopewa. Mbele ya kamati ulisema nilikupa. Nirudie."

Ndege ilizunguka juu ya mawingu, ikasikika upande wa ziwa, ikasikika upande wa vilima.

"Nirudie, Kapteni. Au nenda Kisumu."

"Hukunipa," Levis alisema.

"Umekatika. Sema tena."

"Hukunipa namba! Sikukuita. Nilitumia ya Kisumu, na sikuongeza kitu. Umeridhika? Wewe unajua, mimi najua, na hiyo miti inajua. Nani mwingine ana haja ya kujua?"

Bhoke alinyanyuka, akaenda mbele ya barometa, akaigonga kioo kwa kidole kama alivyofundishwa, akasubiri sindano itulie. Aliisoma kwa uangalifu ule ule alioutumia siku zote, hata siku ile ambayo hakuna aliyeuliza. Namba ilikuwa imepanda kwa moja.

"Moja sifuri moja sita. Rudia."

"Moja sifuri moja sita."

"Sawasawa. Sakafu yako ni ya chini. Karibu nyumbani."

Levis alikuja vizuri. Lazima isemwe, kwa kuwa ni kweli: alikuwa rubani hodari alipofuata sheria. Ndege ilitokea chini ya mawingu ikiwa imenyooka, ikapita juu ya mikaratusi kwa nafasi ya kutosha, na magurudumu yakaigusa lami kwa upole sana. Alizima injini, akavaa miwani yake ya jua katikati ya mvua, akafungua mlango na kusimama kwenye ngazi na tabasamu lililokwisha andaliwa.

Kwaya haikuimba. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu wote walikuwa wamesimama chini ya turubai wakimtazama, na mabegani mwao mlikuwa na majani ya mkaratusi.

Min Levis alitembea peke yake hadi ngazi. Kitambaa chake cha dhahabu kilikuwa kimelowa, na jani moja lilikuwa limeng'ang'ania hapo juu. Alilitoa, akamwonyesha mwanawe.

"Wuoda," alisema, "be en adier?" Alikuwa akimwita mwanangu, akimuuliza kama ni kweli.

Levis aliangaza huku na huku. Aliona spika. Macho yake yaliufuata waya mweusi kwenye nyasi, kutoka spika hadi kwenye dirisha la kibanda. Dirishani alisimama Bhoke, akimpungia kwa mkono ulioshika tonge la mwisho la ugali.

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mama mmoja wa samaki, aliyekuwa amevuka ua ili aione sherehe. "Karibu, Kapteni Majani!" aliita. "Leo umetuletea mboga za kutosha!" Hapo turubai zima lilipasuka kwa kicheko, na mtoto mmoja akalirudia jina, na mwingine akalirudia. Jina lilikuwa jepesi mdomoni, lilikuwa limezoeleka. Lilihama bila shida.

Mzee Mayaka alifika kibandani kabla mvua haijakatika. Alikuwa amekasirika kwelikweli, na alikuwa na haki.

"Umeiweka ndege yenye abiria hewani kwa ajili ya ugomvi wako. Redio ya uwanja si baraza la kijiji!"

"Ni kweli, Mzee."

"Nakutoa kwenye redio kuanzia sasa. Utapima hewa tu, na mwingine atasoma namba. Na onyo juu yake."

"Sawa."

Mayaka alimtazama kwa mashaka. "Safari ile ulilia, ukapiga meza. Leo hujitetei?"

"Lile la kwanza halikuwa langu," Bhoke alisema. "Hili ni langu. Nipe. Lakini spika bado ziko hapo nje, na wewe una jambo la barometa ambalo hujatangaza."

Mzee aliutazama waya wa Linet mezani. Nje mtu alikuwa akimwita aje achukue mbavu zake. Hatimaye alikwenda kwenye maikrofoni ya Linet, akakohoa, na akauambia umati, kwa sentensi fupi ya kiofisi, kwamba barometa ya Kanyamsire ilikaguliwa Nairobi baada ya siku ya miti na haikuwa na kosa. Levis alikuwa ameketi kwenye kiti kilichopambwa kwa ajili yake, kando ya mama yake ambaye alikuwa amempa mgongo. Miwani alikuwa ameivua.

Simu ya Matiko haikungoja mwisho wa wiki. Habari ilikuwa imeshafika Ntimaru kwa njia zake.

"Dada! Umemrudishia?"

"Nimemrudishia."

"Na yeye je? Yuko wapi?"

"Ametua salama. Anakula."

Matiko alicheka hadi akakohoa. "Kisasi gani hicho, mtu anatua salama na kula nyama?"

"Hajaila," Bhoke alisema, akichungulia dirishani. "Ameishika tu."

Mlango ulisukumwa kwa kiwiko. Linet aliingia akiwa ameshika sahani kwa mikono miwili, ameifunika na nyingine mvua isiiguse. Hakusema nyar Kuria wala hakusema Bi Majani. Aliiweka mezani kando ya barometa, akachomoa maikrofoni yake, na akaanza kuukunja waya taratibu. Bhoke alifunua sahani. Yalikuwa maini, na bado yalikuwa ya moto.